Ripoti Yangu Juu ya Safu ya Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza kuandika. Daftari nimelitoa kwenye pipa la taka la ofisi, ni lile la kupokelea mizigo, kurasa kumi tu zimetumika. Kalamu nimeazima kwa mlinzi. Yeye bado hajui.

Sababu ya kuandika ni hii. Asubuhi Msimamizi alitukusanya mbele ya mlango mkubwa wa ghala. Akasema masinki yanavunjika mno. Thelathini na moja tangu Septemba, ya kunawia na ya choo! Makao makuu wamechoka, wanaleta mkaguzi. Atakaa wiki nzima, kisha ataandika ripoti. Halafu akasema neno lililonikata maini: mwisho wa mwezi kuna nafasi moja ya likizo, na walioomba ni wawili. Atakayetajwa kwa ubaya kwenye ripoti atabaki hapa mpaka Desemba.

Walioomba ni mimi na Rubani.

Rubani ndiye anayeendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Anavaa miwani ya jua ndani ya ghala. Ndani! Anataka kwenda kwao kwa sababu mama yake anafanyiwa upasuaji wa macho. Ili aone nini? Kama ni uso wa Rubani, mama wa watu hana haraka.

Mimi sijafika nyumbani miaka miwili na nusu. Nina mjukuu wa kwanza, msichana, ana miezi saba, sijamtia machoni. Mke wangu akimsogezea simu, mtoto anaitafuna. Namsikia akitafuna. Ndiyo mazungumzo yetu.

Kwa hiyo mpango ni mwepesi: ripoti imtaje Rubani.

Haya nimeyawaza nikiwa chumbani kwangu. Humu naandika ukweli, maana hakuna atakayesoma. Chumba changu kimo ndani ya safu ya saba. Safu hiyo ni maboksi mia mbili na arobaini ya masinki ya kunawia: manane kwa urefu, sita kwa upana, matano kwenda juu. Anayehesabu huhesabu ubavu, mbele na kimo, anazidisha, anakwenda zake. Tumboni haangalii mtu. Mwezi wa Agosti nilitoa maboksi kumi na moja ya ndani, nikalaza mlango mbovu wa kabati uwe dari. La kumi na mbili nikatoa sinki lake, nikalirudisha boksi tupu. Hilo ndilo mlango. Sijaiba hata kitu kimoja! Vyote viko nyuma ya tangi la maji, chini ya turubai. Nalala nusu saa tu, baada ya chakula cha mchana. Zamu yetu ina saa kumi na mbili na zote tunasimama. Miguu yangu ikifika mchana inaniita kwa jina.

Jumanne, 4 Machi

Amekuja! Nilitegemea mtu wa tai na mkoba wa ngozi. Ni mama mfupi, viatu vya raba, penseli nyuma ya sikio kama fundi seremala. Msimamizi akampa kiti. Akauliza kama na sisi tuna viti. Msimamizi akacheka. Yeye hakucheka. Akabaki amesimama.

Akaomba ripoti ya mkaguzi wa mwaka jana. Ilitafutwa saa nzima. Ikapatikana chini ya mguu wa meza ya chai, kwa sababu meza ile inayumba. Kurasa sitini na nne! Bi Mkaguzi akasoma kidogo, akamwuliza Msimamizi ripoti hii ilimtaka afanye nini. Msimamizi akasema ilikuwa ripoti nzuri sana, nzito. Akaulizwa tena. Akasema ilikuwa na majedwali ya rangi. Mara ya tatu akatokwa jasho, akakiri kwamba hajui, ingawa sahihi yake imo kila ukurasa. Bi Mkaguzi akainama, akairudisha ripoti chini ya mguu wa meza, akaisukuma vizuri mpaka meza ikatulia. Akasema angalau imepata kazi.

Sijawahi kuona mtu wa namna hii.

Mchana akapita safu kwa safu na utepe wa kupimia. Kila anayemwambia jambo anarudishiwa swali moja: umejuaje? Mpishi wa chai akamwambia masinki ya siku hizi ni dhaifu. Umejuaje? Mpishi akaangalia birika lake. Msimamizi akasema wafanyakazi ni wazembe. Umejuaje? Neno moja tu, na watu wazima wenye ndevu hawajui pa kuweka mikono.

Kwenye safu ya saba alisimama muda mrefu. Akaifunga penseli kwenye uzi, akauning'iniza uzi toka juu, akaangalia, akaandika kitu. Mimi nikajipitisha. Nikamwambia hapa ndipo Rubani anapopita kila siku, tena kwa mbio. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema kila mtu anajua. Akasema vizuri, basi nimletee mmoja kati ya hao kila mtu, aliyeona kwa macho yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimepangiwa kumbebea ngazi Bi Mkaguzi. Kusema kweli nimejipangia. Aliyepangiwa nilimwambia anaitwa getini, na geti letu liko mbali.

Wakati wa chai alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaandika. Nikachungulia. Akanipa nisome, bila kinyongo. Ilikuwa nusu ukurasa kuhusu mlango wa nyuma. Nainakili, maana nimeisoma mara nne mpaka imeingia kichwani:

"Mlango wa nyuma haufungi. Unatakiwa kufungwa kila jioni. Haufungi kwa sababu bawaba ya chini imevunjika tangu Novemba. Mvua inaingia, maboksi tisa ya safu ya kwanza yameoza. Bawaba ibadilishwe kabla ya Ijumaa. Mwenye kazi hiyo ni fundi wa zamu."

Basi! Mlango ule nimeupita mara elfu. Nimeutukana. Nimeufunga kwa kamba. Sikuwahi kuuona. Leo nimeuona, tena kwenye karatasi, huku nimeupa mgongo.

Nikamwuliza anafanyaje. Akanyoosha mkono akahesabu vidole: kilichopo, kinachotakiwa, sababu, madhara, na nani afanye nini lini. Akasema kidole cha sababu ndicho watu wanachokikimbia. Wanaandika jina la mtu mahali pa sababu, mtu anafukuzwa, mlango unabaki wazi. Nikamwambia hapo amenena, hata mimi siku zote nasema hivyo. Kisha nikauliza kama kwenye kidole hicho mtu anaweza kuandika Rubani. Akanitazama kama mtu aliyemaliza kuanika nguo akaona soksi moja imebaki kwenye beseni.

Lakini akasema aliyeona jambo anaruhusiwa kuandika ukurasa mmoja na kutia sahihi. Yeyote! Hata mimi!

Sikulala mchana leo. Nilikaa chumbani nikiangalia dari na kutunga. Dari imeanza kulia kidogo. Panya, nadhani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika. Kurasa tatu! Niliishia darasa la sita, lakini mwalimu wetu alipenda barua, na vitu vile havitoki. Nilianza hivi: "Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu usio kifani, naomba kuchukua fursa hii adhimu kukufikishia mkasa wa kusikitisha unaomhusu mtu fulani ambaye jina lake nalihifadhi, ila anavaa miwani ya jua ndani ya ghala." Nilipoisoma mwenyewe nilisisimka.

Bi Mkaguzi akachukua penseli. Akakata taratibu, kama anayechambua mchele. Alipomaliza pakabaki hivi: "Masinki yanavunjika safu ya saba."

Kurasa tatu zimezaa maneno matano. Nilitaka kukasirika. Nikayasoma tena. Yalikuwa kweli tupu, yamesimama peke yake bila kushikwa mkono. Yale mengine yote nikayaona kama watu waliokuja harusini kwa ajili ya chakula.

Akaniuliza: lini? Mangapi? Wewe ulikuwa wapi? Umbali gani? Ulisikia au uliona? Akasema niandike nilichoona, nisiandike ninachotaka yeye aone. Nimelirudia neno hili mpaka nimechelewa kurudisha ngazi.

Habari zimeshamfikia Rubani. Wananiita Babu hapa tangu mjukuu azaliwe. Akapaza sauti toka juu ya foklifti: "Babu! Nasikia siku hizi wewe ni karani! Sasa uniandike vizuri, na urefu wangu utie!" Ghala zima likaangua kicheko, hata mpishi wa chai, ambaye nilidhani ni mtu wangu.

Cheka, Rubani. Cheka na miwani yako.

Ijumaa, 7 Machi

Kwanza: bawaba imewekwa. Fundi wa zamu, ambaye tulimsihi tangu Novemba, amekuja mwenyewe saa mbili asubuhi na bisibisi. Kwa sababu ya mistari sita! Nimeufungua na kuufunga mlango ule mara kumi. Unafanya klik.

Pili: nimemaliza ripoti yangu. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivi, na nimewahi kupakua mabafu ya chuma peke yangu. Kila neno nililitazama usoni nikaliuliza: umejuaje? Mengi yalikimbia. Yaliyobaki ni haya:

"Tarehe 19 Februari, saa nane na dakika kumi mchana, boksi moja lilianguka toka juu ya safu ya saba, upande wa dirisha. Sinki lilivunjika. Nilikuwa nimelala chali ndani ya safu hiyo, futi tatu kutoka mlangoni. Mlango ni boksi tupu. Niliona kupitia tundu la kushikia boksi. Rubani alikuwa anapita na foklifti, hatua nne kutoka kwenye safu. Hakuigusa. Dari yangu ililia, ikashuka upana wa vidole viwili, kisha boksi likaanguka. Nimeona hivyo mara sita tangu nilipojenga chumba mwezi wa Agosti. Naomba Rubani achukuliwe hatua."

Nimeisoma mara saba. Hakuna neno la kuondoa. Saa ipo, umbali upo, tundu lipo. Nani atabisha? Nimejiuliza kama kuna kitu nimesahau. Sikukiona.

Nikampelekea saa tisa kamili. Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani akaifuta. Akasema kazi hii ana miaka kumi na tisa, na hajawahi kupewa maelezo yaliyonyooka kama haya na mtu yeyote, mkurugenzi au mlinzi. Akanipa mkono! Mkono wa penseli! Nikasikia kifua kinajaa kama gunia.

Kisha akaniomba nimwonyeshe mahali penyewe. Nikamjibu kwa furaha, mahali gani?

Nimetambua saa tisa na robo.

Jumamosi, 8 Machi

Safu ya saba imefunguliwa mbele ya watu wote.

Rubani ndiye aliyeishusha, boksi kwa boksi, kwa upole kama anatoa mayai. Alipofika tumboni akakuta: godoro la maboksi yaliyokunjuliwa. Mto wangu. Soksi zilizoanikwa. Picha ya mjukuu niliyoibandika kwa gundi ya vigae. Akaliinua godoro kwa vyuma vya foklifti, juu kabisa, akalizungusha ghalani kama bendera. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Msimamizi alikuwa na rangi ya sinki.

Bi Mkaguzi akamwomba alishushe. Halafu, sijui niandikeje, akavua viatu, akainama, akaingia mwenyewe kwenye kile kilichobaki cha chumba. Akalala chali. Raba zake mbili zimebaki nje zimepangana. Kicheko kikakatika. Akakaa humo muda wa mtu kunywa chai. Alipotoka hakuniuliza kwa nini nimetoboa safu. Aliuliza tunasimama saa ngapi kwa siku. Nikamwambia. Akauliza miguu inaanza kuuma saa ngapi. Nikamwambia. Akauliza kiti cha karibu kabisa kiko wapi. Tukatazamana wote. Kiti cha karibu kiko ofisini kwa Msimamizi, na ndicho anachokalia.

Aliandika kila kitu. Sinki la kumi na mbili akaja kuliona nyuma ya tangi pamoja na mengine. Akahesabu, kumi na mawili, akasema sawasawa.

Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilikuwa naangalia penseli.

Jumanne, 11 Machi

Ripoti imetoka. Kurasa mbili! Ukurasa wa kwanza tu umebandikwa ubaoni, na kila mtu ameuelewa, hata dereva wa lori aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Nainakili sehemu yangu:

"Safu ya saba imeegemea upande wa dirisha kwa sababu katikati yake ni tupu. Mfanyakazi mmoja alitoa maboksi ili apate pa kulala nusu saa. Alifanya hivyo kwa sababu zamu ina saa kumi na mbili na wafanyakazi hawana hata kiti kimoja. Kati ya masinki thelathini na moja yaliyovunjika, ishirini na sita yametoka safu hiyo. Mwendesha foklifti hahusiki. Safu ipangwe upya wiki hii. Chumba cha kupumzikia chenye viti na dirisha kifunguliwe kabla ya tarehe 24. Mwenye kazi hiyo ni Msimamizi."

Hakuandika mvivu. Hakuandika mwizi. Mfanyakazi mmoja. Nimeitwa majina mengi tangu nianze kubeba mizigo ya watu, lakini hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, akajibiwa, halafu akauliza kwa nini tena. Nilikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji kwa muda. Kule kuna vumbi jingi, linaingia machoni.

Lakini Msimamizi naye anajua kuhesabu mpaka mmoja. Likizo amepewa Rubani. Mimi ni Desemba.

Nikampigia mke wangu, nikampa habari. Akasema mtoto ameanza kusimama kwa kushikilia kigoda. Akaniuliza ni mbaya gani aliyeniandikia ripoti. Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akasema haya, baba, na mwandiko angalau ulikuwa mzuri? Nikamwambia ulikuwa mzuri ajabu. Nikamsomea. Nilipofika kwenye "Hakuigusa" alipumua, akasema mwanamume gani anaandika hivyo halafu anaomba mwenzake achukuliwe hatua. Sikumwelewa. Hakusoma sana yeye. Halafu mtoto akapewa simu akaitafuna. Safari hii ana jino.

Jumatatu, 31 Machi

Rubani aliondoka juzi. Alikuja kuniaga akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nilijiandaa kwa mzaha. Hakufanya. Akasema bila ile "Hakuigusa" wangemfukuza kazi kabla ya wiki kuisha, na mama yake angefunguliwa macho akamkosa. Akanivalisha miwani yake ya jua. Akasema mama anataka kuyaona macho yake, hivyo yeye haihitaji. Nilimwambia aendeshe polepole, naye anapanda basi.

Chumba cha kupumzikia kimefunguliwa tarehe ile ile iliyoandikwa. Viti sita na dirisha! Nimevikalia vyote sita. Nikivitazama nashangaa kwamba wiki tatu zilizopita vilikuwa maneno.

Ila kuna kasoro. Dirisha linaingiza mwanga. Mpishi wa chai anasimulia ndoto zake, zote. Kwenye kiti mtu hawezi kunyoosha mgongo.

Sasa nimeichagua safu ya tatu. Masinki ya choo. Maboksi makubwa, magumu, manane tu yanatosha. Safari hii dari nitaweka mabati mawili, si mlango wa kabati. Na kwa kuwa nimejifunza kazi kwa mkaguzi halisi, sifanyi ovyo. Nimeuandika mpango wote kwa vidole vitano:

"Mfanyakazi mmoja hana pa kunyoosha mgongo. Anatakiwa kuwa napo. Sababu ni kwamba viti vimenyooka na mpishi anaongea. Madhara ni kuchoka. Maboksi manane yatolewe katikati ya safu ya tatu Jumatano, saa saba na nusu mchana, Msimamizi akiwa anakula. Yawekwe nyuma ya tangi la maji. Mwenye kazi hiyo ni mimi."

Nimeisoma mara tisa nikiwa nimevaa miwani ya Rubani. Tarehe ipo, mahali papo, mwenye kazi yupo. Ni safi kuliko ile ya kwanza! Inauma kuiacha humu daftarini bila kusomwa na mtu anayejua. Na nikiwaza vizuri, mtu anayeandika hivi hawezi kuwekwa mpaka Desemba. Juni watanipa likizo wenyewe.

Kwa hiyo nimeinakili kwenye karatasi nyeupe, nikatia sahihi na namba yangu ya kazi, nikaituma kwa Bi Mkaguzi aone nilivyoiva. Nakala moja nimembandikia Msimamizi mlangoni.